Hedifoni za Roki kwa Wapenda Sauti Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

"Kaka, hizi zinapiga balaa." Muuzaji wa hedifoni atakwambia hivyo, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, na hatakuwa amekudanganya. Karibu kila hedifoni iliyopo sokoni leo, hata ya bei ya kutupa, ukiichomeka kwenye simu ina nguvu ya kuumiza masikio. Kupiga si shida. Shida huanza volyumu ikishapanda: gitaa linageuka kelele tupu, kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu) inakuwa mvumo usio na mwanzo wala mwisho, matoazi yanachoma. Unapunguza, muziki unapooza. Unaongeza, unachoma tena.

Kwa hiyo unachotafuta ni hedifoni inayobaki safi pale juu. Ukiipata utajikuta unaridhika mapema kuliko ulivyozoea, bila kujilazimisha. Mara nyingi mtu anaongeza volyumu kwa sababu anakitafuta kitu ambacho hedifoni yake haimpi: besi inayovujia pembeni, mwimbaji aliyezama chini ya magitaa, au wimbo wenyewe uliomezwa na kelele za barabara.

Hatua ya 1: Elewa roki inadai nini

Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutoa sauti ya Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi la nyuzi nne hushuka hadi Hz 41, na kishindo cha kiki kiko kati ya Hz 50 na 100. Maana yake, besi ya kuchezea roki haihitaji kuzama sana kama ya muziki wa klabu. Inahitaji kuwa kavu na ya haraka: ipige, iache, ipige tena.

Utamu na balaa vyote viko juu zaidi. Makali ya gitaa la umeme lenye mkwaruzo yamejaa kati ya Hz 2,000 na 4,000, na hapo ndipo sikio la binadamu lilipo na usikivu mkali kuliko kwingine. Tundu la sikio lenyewe hukuza sauti za karibu na Hz 3,000. Hedifoni ikiwa na kilima hapo, yaani ikiinua sauti za eneo hilo kuliko nyingine, ukisikiliza kwa sauti ya chini utaisifu kwamba gitaa "limekaa mbele". Ipandishe, na nyimbo mbili zitatosha kukufanya uivue.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii besi kwa usawa katika kila kiwango cha sauti. Muziki ukiwa chini, besi hupotea kwanza. Ukipanda, besi hurudi kwa kasi kuliko sauti za kati. Watengenezaji wa hedifoni za kuvutia wateja wanalijua hilo: wanajaza besi na sauti za juu ili kifaa kisikike kitamu dukani kwa volyumu ya wastani. Wewe unayesikiliza kwa sauti kubwa ukiinunua hiyo, besi yako inazidishwa mara mbili, kwanza na kiwanda, kisha na sikio lako mwenyewe. Mwimbaji anapotea katikati.

Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: kadiri unavyopenda kusikiliza kwa nguvu, ndivyo hedifoni yako inavyotakiwa kuwa ya wastani. Besi iliyoinuliwa kidogo tu, sauti za kati zilizo wazi, na sauti za juu zenye upole. Maneno ya kwenye boksi kama "besi ya ziada" yachukulie kama onyo.

Hatua ya 2: Jipangie kiwango chako cha sauti

Hapa sitaki kuhubiri, lakini huwezi kuchagua kifaa bila kujua unataka kifike wapi.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku kama ukomo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Soma namba hizo kama bajeti. Albamu moja ya dakika 45 kwa desibeli 94 inaingia ndani ya bajeti ya siku ya NIOSH, mradi siku iliyobaki ikae kimya. Kinachoumiza watu wengi si albamu moja iliyopigwa kwa nguvu jioni. Ni saa tano za kazini na njiani kwa desibeli 92, kila siku, mwaka mzima. Na madhara hayo hayarudi nyuma. Pete Townshend wa The Who, bendi iliyosifika kwa kelele jukwaani, amesema hadharani kwamba masikio yake yaliharibiwa zaidi na hedifoni za studio kuliko matamasha.

Namna ya kupima: simu za iPhone huonyesha kiwango cha sauti ya hedifoni kwenye programu ya Afya, na hukadiria vizuri zaidi ukitumia AirPods au Beats. Kwa hedifoni nyingine, weka programu ya kupima sauti kwenye simu ya pili, ingiza maikrofoni ya simu hiyo ndani ya kikombe cha hedifoni na uzibe mwanya kwa kiganja. Hutapata namba ya maabara, ila utajua kama uko 80 au 100. Na masikio yakilia au maneno ya watu yakisikika kama wanaongea nyuma ya ukuta baada ya kusikiliza, umepitiliza. Mlio ukiendelea kesho yake, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Hatua ya 3: Iliyofungwa au iliyo wazi?

Hili ndilo chaguo zito kuliko chapa.

Chukua mfano wa mtu anayesikilizia ndani ya daladala au matatu, kelele za ndani zikiwa desibeli 80. Ili muziki uzishinde kelele hizo inabidi afike 90 hivi. Akivaa kitu kinachozuia desibeli 20, kelele zinashuka hadi 60, na kwa desibeli 75 tu muziki unamjaa kichwa kizima. Ni wimbo uleule na raha ileile, ila sikio limepona. Kwa hiyo mtu wa safarini asifikirie kabisa hedifoni za wazi.

Njia za kuzuia kelele ni tatu. Ya kwanza ni hedifoni kubwa iliyofungwa inayofunika sikio zima. Ya pili ni iyafoni za kuzama ndani ya tundu, zile wanamuziki wa roki wanazovaa jukwaani. Shure wanasema SE215 yao huzuia hadi desibeli 37, ilimradi umepata sponji ya saizi yako. Kwa pesa, sijaona njia iliyo rahisi kuliko hii. Ya tatu ni hedifoni zenye mtambo wa kuzima kelele, kama familia ya Sony WH-1000X au Bose QuietComfort. Mtambo huo ni mkali sana dhidi ya mvumo wa injini, lakini haufui dafu mbele ya sauti kali za ghafla kama honi au konda anayepiga bati.

Hedifoni za wazi zina matundu nyuma ya spika. Magitaa mawili yaliyopangwa kushoto na kulia yanasikika yako mbali na kichwa chako, na hakuna mvumo wa besi unaorudi kutoka kwenye ukuta wa kikombe. Kwa chumba kimya usiku hakuna kinachozishinda. Tatizo ni kwamba anayelala kitanda cha pili atasikiliza albamu pamoja na wewe.

Hatua ya 4: Soma namba za kwenye boksi

Namba zenye maana ni mbili tu: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na usikivu, unaopimwa kwa desibeli. Ile ya "Hz 5 hadi 40,000" iruke, haikwambii lolote kuhusu ubora.

Ukinzani mkubwa hudai volti nyingi. Usikivu hueleza hedifoni inapiga kiasi gani ikipewa umeme fulani, lakini angalia kipimo: wengine huandika kwa miliwati moja, wengine kwa volti moja, na huwezi kulinganisha hizo mbili moja kwa moja. Tuchukue mfano. Audio-Technica ATH-M50x ina omu 38 na desibeli 99 kwa miliwati. Ikipewa volti 1 inapata miliwati 26 hivi, na hiyo ni kama desibeli 113. Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 ina desibeli 96 kwa miliwati. Kwa volti ileile inapata miliwati 4 tu, inaishia desibeli 102.

Desibeli 102 si nyingi? Kumbuka hicho ni kilele, yaani pigo kubwa kuliko yote kwenye wimbo. Roki iliyorekodiwa miaka ya karibuni hubanwa sana (tofauti ya sauti ndogo na kubwa hupunguzwa), wastani wake uko kama desibeli 10 chini ya kilele, kwa hiyo utapata wastani wa 92. Rekodi za zamani zimeacha nafasi kubwa kati ya wastani na kilele, na hapo unaweza kubaki na 84 huku volyumu imefika mwisho. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba hedifoni yake "inapiga" nyimbo mpya na kusinzia kwenye za miaka ya 70.

Kwa mtu wa simu, shika hili: kuanzia omu 80 kushuka, na desibeli 96 kwa miliwati kupanda, hutahitaji amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti). Ukivuka hapo, tenga bajeti ya amplifaya ndogo. Simu isiyo na tundu la jeki itahitaji adapta, na adapta hazilingani. Ile ya Apple ya USB-C ya soko la Marekani hutoa kama volti 1, ya soko la Ulaya kama nusu yake. Kwenye simu nyingi za Android, adapta hiyohiyo hutoa sauti hafifu kuliko uwezo wake. Kabla hujailaumu hedifoni, badilisha adapta.

Hatua ya 5: Waya au Bluetooth

Hedifoni ya Bluetooth ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo hesabu za juu hazikuhusu. Unapata kile kiwanda kilichokupa. Baadhi hupunguza besi zenyewe volyumu inapokaribia mwisho, ili spika isipasuke, na ndiyo sababu wimbo unakonda ghafla ukiuongeza. Kabla ya kununua, ipandishe taratibu na usikilize kama kiki inabaki na uzito wake. Mabishano ya LDAC na AAC, njia za kubana muziki unaporushwa kwa Bluetooth, waachie wenye muda. Kwa roki ya sauti kubwa, ubora wa spika na jinsi inavyokaa kichwani vina uzito mara kumi zaidi.

Kwa pesa ileile, ya waya itakupa sauti bora na itadumu, kwa sababu haina betri ya kuzeeka.

Hatua ya 6: Majina ya kuanzia nayo

DT 770 Pro, hasa ya omu 80, ni farasi wa kazi. Imefungwa, sponji zake za velveti hazitoi jasho haraka, vipuri vinapatikana. Kasoro yake ni ukali wa juu: kwenye nyimbo zenye matoazi mengi, ukipandisha sana inachoma, na itabidi uitulize kwa ikwalaiza (kirekebishi cha kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na za juu).

Sony MDR-7506 imekuwa kwenye studio tangu 1991. Ina omu 63, ni nyepesi, na simu inaisukuma bila shida. Iko wazi mno kuhusu makosa ya rekodi, na ngozi ya sponji zake hubanduka, ila za kubadilisha ni rahisi kupata.

Sennheiser HD 25 ndiyo ningempa mtu anayetaka nguvu hasa. Ni ndogo, inakaa juu ya sikio bila kulizunguka, inabana, na inapiga kwa nguvu bila kutetereka. Ma-DJ waliipenda kwa sababu hiyo. Kila kipande chake kinabadilishwa kwa mkono, kuanzia waya hadi spika. Kubana huko ndiko kunakofunga kelele nje, na ndiko kutakakokuchosha masikio baada ya saa moja, hasa ukivaa miwani.

ATH-M50x ina besi iliyoinuliwa na sauti za kati zilizorudi nyuma kidogo. Ni nzuri kwa roki ya sasa, si chaguo langu la kwanza kwa mtu wa sauti kubwa.

Upande wa zilizo wazi, Grado za Brooklyn, kama SR80x, zinasifiwa na wapenda magitaa duniani kote, na sifa hizo ni za haki kwa volyumu ya wastani. Zikipanda, kile kilima chao cha karibu na Hz 2,000 kinakuwa kero. Sennheiser HD 650 ni kinyume chake: juu imetulia, unaweza kuisikiliza kwa nguvu muda mrefu, lakini ina omu 300 na inadai amplifaya, na besi ya chini kabisa haina uzito. Anayetaka besi safi iliyo wazi aangalie zile za utando bapa wa sumaku (planar magnetic), kama HiFiMan Sundara au HE400se. Besi yake haichafuki kirahisi ukiisukuma. Omu zake ni chache lakini zinakula umeme mwingi, msidanganyike na namba hiyo moja.

Hatua ya 7: Kujaribu dukani

Nenda na simu yako, na nyimbo ulizozipakua unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Nyimbo za muuzaji zimechaguliwa kuuza.

Anza chini, kisha panda. Ukilinganisha hedifoni mbili, hakikisha zinalingana kwa sauti, maana inayopiga zaidi kidogo itaonekana bora daima, hata kama ni mbovu. Muuzaji mjanja anajua hilo.

Chagua sehemu ambayo kiki mbili zinakimbia pamoja na gitaa lililobanwa kwa kiganja. Je, unaweza kusikia kila pigo peke yake, au zimekuwa mvumo mmoja? Halafu sehemu ya kiitikio, pale matoazi yanapogongwa mfululizo na mwimbaji anapaza sauti. Sikiliza herufi "s" na "sh" zake. Zikikuchoma meno sasa, nyumbani zitakuchoma zaidi.

Kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja vyote viwili. Besi ikiongezeka sana, ujue hazikufungi vizuri na besi inavuja. Fanya hivyo ukiwa na miwani yako: mkono wa miwani ukiinua sponji milimita chache tu, nusu ya kishindo inaondoka. Wenye nywele za kusuka au rasta nene wajaribu kwa makini zaidi, kwa sababu utepe wa juu hukaa vibaya na vikombe havishuki hadi chini ya sikio.

Usikubali jaribio la dakika mbili. Joto na mbano huanza kujitokeza baada ya robo saa.

Hatua ya 8: Kukwepa feki

Chapa maarufu ndizo zinazoigizwa. Bei iliyo nusu ya kawaida kwa kifaa kipya inajieleza. Kwa hedifoni ya Bluetooth, jaribu kuiunganisha na programu rasmi ya kampuni papo hapo, kwani nyingi za feki hazitambuliki. Kwa ya waya, cheza rekodi yenye sauti ya mtu mmoja katikati. Ikisikika imesambaa huku na kule na besi imetoweka, upande mmoja umeunganishwa kinyume. Hilo halitokei kwa kifaa cha kiwanda makini.

Za mtumba zilizotoka studio ni ununuzi mzuri sana. Cheza mlio unaopanda kutoka Hz 20 hadi 200 kwa volyumu ya wastani na usikilize mtetemo wa karatasi. Wakati mwingine ni unywele tu umegusa utando na fundi atautoa, wakati mwingine spika imekwisha.

Hatua ya 9: Ukishafika nyumbani

Kwenye ikwalaiza, punguza kinachokera badala ya kuinua unachokipenda. Gitaa likichoma, shusha desibeli 3 karibu na Hz 3,000. Matoazi yakichoma, shusha kati ya 6,000 na 9,000. Ukilazimika kuinua besi kwa desibeli 4, teremsha sauti yote kwa 4 kwanza, la sivyo utaipasua kabla haijafika kwenye spika. Kwenye Android, programu ya Wavelet ina marekebisho tayari kwa maelfu ya hedifoni. Kwenye Windows kuna Equalizer APO.

Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu ya muziki. Spotify kwa kawaida huleta nyimbo zote karibu na LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wastani wa wimbo), kwa hiyo hutashtuliwa na wimbo mmoja unaopiga kuliko mwenzake. Kiwango chake cha juu kabisa kiache, hutumia kibano (limiter) kinachoharibu vilele.

Na kama kuna albamu inayokwaruza kwenye kila hedifoni unayoishika, huenda imerekodiwa hivyo. Mfano unaojulikana ni Death Magnetic ya Metallica ya 2008: ilisukumwa hadi vilele vikakatwa, huku nyimbo hizohizo kwenye mchezo wa Guitar Hero zikitoka bila ukataji ule. Mashabiki walizilinganisha wenyewe. Hakuna hedifoni ya kuponya hilo, kwa hiyo usiitumie albamu ya namna hiyo kujaribia.

Sponji zikibonyea na kuwa ngumu, badilisha. Sponji iliyochoka haifungi, besi inapungua wiki baada ya wiki, na mkono unaongeza volyumu bila wewe kujua kwa nini. Nunua za kampuni yenyewe ukizipata, au za unene uleule na kitambaa kilekile, kwa sababu sponji nene kuliko za mwanzo hubadilisha sauti nzima.